Kama Hujui Jina Lake, Usimwite Babu Yako

Wacha nianze na ya kuwakasirisha, tumalizane mapema. Kama una picha ya mzee wa kitambo kwa simu yako, na hujui jina lake, hujui mamake ni nani, hujui alipigwa wapi wala nani alikuwa nyuma ya kamera, huyo si babu yako. Huyo ni mzee wa watu. Unamtumia tu.

Wiki hii kuna picha moja imezunguka karibu kila grupu niliyomo. Mnaijua aina yake hata kama hamjaiona. Mwanaume amesimama kando ya mto, shuka kiunoni, hana viatu, nyuma yake mtumbwi. Mtu ameichukua, akaipaka rangi kwa AI, akamfanya mzee apepese macho na kutabasamu kidogo, akaweka muziki wa huzuni, halafu juu akaandika: "Mababu zetu wa Tana, kabla ya mzungu kuja." Kabla ya mzungu kuja! Na hiyo kamera ilishikwa na nani, mamba?

Nilicheka, kusema ukweli. Halafu nikashuka kwa komenti nikaacha kucheka. Wa kwanza anasema huyo ni Mpokomo, si mnaona mtumbwi. Wa pili anasema wapi, huyo ni Muorma, angalia pua na urefu. Wa tatu ana Mwardei wake. Kuna mmoja akauliza kama tuna hakika huo mto ni Tana, na huyo ndiye pekee aliyetumia akili, kwa hivyo hakuna aliyemjibu. Kufika komenti ya hamsini hivi, hakuna anayemtazama mzee tena. Watu wako kwa "sasa mmeona ardhi ilikuwa ya nani". Na kuna mtu akaandika neno moja tu: "Tutakumbushana."

Kama wewe umekulia Nairobi au Nakuru, hilo neno utalipita. Mimi kwetu ni Kilelengwani, huko ndani kwa Delta ya Tana, upande wa Garsen. Sisi hatulipiti.

Kwa wale waliokuwa bado wadogo, kumbukumbu fupi. Agosti 22, 2012, watu 52 waliuawa Riketa. Septemba 10, alfajiri, ikafika zamu ya Kilelengwani: watu 38, tisa kati yao polisi waliokuwa wameletwa kulinda, na nyumba zikachomwa moto. Desemba 21 ikawa Kipao, karibu 40 wengine. Wakulima na wafugaji, maji na malisho, siasa za uchaguzi wa 2013 zikapulizia hapo. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Sitasema hapa nani alianza, na ukija kwa komenti kuniuliza mimi ni kabila gani, nitakubloki bila hata kusema kwaheri. Kwetu kuna damu zaidi ya moja, na hiyo ni hesabu ya kawaida kabisa huko, hata kama watu wa mtandao hawaijui.

Sasa sikia kwa nini picha ya zamani si mchezo kwa sehemu kama hiyo. Delta ina mto, na kando ya mto kuna mashamba. Mfugaji anahitaji kupita kati ya mashamba kufikisha ng'ombe majini. Hizo njia zinaitwa malka. Ugomvi mwingi ukiuchimba unakuta uko hapo: hii ilikuwa malka tangu zamani, au ilikuwa shamba la babu yangu na wewe umekuja juzi? Makaratasi ya ardhi hayakuwa mengi. Kwa hivyo picha ya mwaka 1920 yenye ng'ombe ukingoni inaweza kugeuzwa ushahidi. Picha yenye miembe na mpunga, vilevile. Ukiandika juu yake "mababu zetu" bila kujua unamzungumzia nani, umeandika hati ya shamba bila kupima. Halafu unaweka muziki.

Ndio maana nimekasirika. Wengine mtasema ni posti tu, relax. Sawa, relax ukiwa kwenu.

Nataka niwatoe kidogo Tana niwapeleke mbali, halafu tutarudi. Kuna watu nawafuatilia usiku nikikosa usingizi, Wamarekani wa asili ya Norwei. Usicheke. Kati ya 1825 na 1925 Wanorwei zaidi ya 800,000 walihamia Amerika, wengi wakaishia Minnesota, Wisconsin na huko Dakota, na kila nyumba ikabaki na sanduku la picha kutoka kwao. Vijukuu leo wanafungua sanduku wanakuta mama mmoja amekaa kwa kiti, hacheki, amevaa nyeusi, na hakuna jina. Shida yao na yetu ni moja. Lakini angalia wanavyofanya.

Hawaanzi kwa kusema "huyu ni nyanya yetu". Wanaanza na kadibodi. Picha za zamani zilibandikwa kwenye kadi ngumu: zile ndogo zilienea kuanzia miaka ya 1860, zile kubwa zikaja baadaye, na mara nyingi studio iliandika jina lake na mji chini au nyuma. Kwa hivyo kabla hata hujamtazama usoni unajua alisimama Bergen au Stavanger, na unajua ni muongo gani. Halafu nguo. Norwei kila sehemu ilikuwa na mavazi yake ya sherehe. Hardanger, kwa mfano, mke wa mtu alifunga kilemba cheupe kilichonyooshwa kwa wanga, msichana hakukivaa. Kilemba tu kimekwambia sehemu na kama ameolewa. Baada ya hapo ndio wanaingia kwa vitabu: sensa za 1865, 1875, 1900 na 1910 zilizoandika mtu kwa jina lake, na rejista za kanisa za ubatizo, ndoa na mazishi. Hizo zote hifadhi ya nyaraka ya taifa lao imeziweka kwenye mtandao bure. Wanahesabu watoto kwenye picha, wanatafuta familia yenye watoto wa umri huo kwenye shamba fulani. Na hata hapo si rahisi, maana zamani Ola mwana wa Per aliitwa Ola Persen na dadake Persdatter, na jina la shamba likabandikwa mwisho. Akihama shamba, jina linahama. Majina ya ukoo ya kudumu yalilazimishwa na sheria ya 1923.

Kitu kilichonishika ni neno wanalolitumia baada ya kazi hiyo yote: labda. Mtu amekesha wiki tatu na sensa, halafu anaandika "labda ni dadake mkubwa wa bibi yangu, bado natafuta". Sisi kwa sekunde tatu, na AI, tushasema mababu zetu.

Najua mtaniambia nini. Ati wao walikuwa na kanisa na serikali ya kuwaandika, sisi tulikuwa na nini? Hiyo hoja ina ukweli, na mimi nitaikaza zaidi. Serikali ya mkoloni ilipohesabu kwetu, ilihesabu nyumba ili itoze kodi. Kipande kilipoanza kuvaliwa, karibu 1920, kilikuwa cha wanaume wa kuanzia miaka 16, alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma shingoni kama kengele ya mbuzi. Mwanamke hakuandikwa. Hata baada ya uhuru, sheria ya kusajili watu iliwaacha nje wanawake mpaka ilipobadilishwa 1978. Fikiria hilo polepole. Nyanya yako mwenye miaka themanini na kitu, kwa karatasi za serikali, pengine alianza kuwa mtu akiwa ameshazaa watoto wanne. Na picha ya kitambulisho, ile ndogo ya nyeusi na nyeupe ambayo mtu ameambiwa asicheke, kwa wengi wao ndiyo picha ya kwanza maishani.

Kwa hivyo ndiyo, Mnorwei ana rejista na wewe huna. Lakini una kitu ambacho yule wa Minnesota angeuza gari akipate: mtu aliye hai anayejua. Yeye waliojua walikufa zamani, amebaki na kadibodi. Wako yuko Garsen au Hola au Kisauni, amekaa kwenye mkeka, sikio la kushoto halisikii vizuri, na hujampigia tangu Idi au Krismasi. Bado uko hapo unauliza AI huyu ni nani.

Tena tuna funguo zetu, hazijaandikwa kwa kitabu chochote cha Kinorwei. Leso, kwa mfano. Kama kwenye picha kuna mwanamke amejifunga leso, kuza picha usome. Leso ina maneno yake, na wengine wana bahati unaona hata chapa ya muuzaji. Ile Mali ya Abdulla ya Mombasa imekuwa ikitoka tangu enzi za kina nyanya wa nyanya zetu. Maneno zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja ya herufi hizi tunazotumia. Tayari umeanza kupata kipindi. Halafu nenda kwa akina mama watatu wazee na hayo maneno, uulize leso hii ilitoka lini. Watabishana, wataitana majina, na mwisho watakwambia: ilitoka mwaka fulani aliolewa, kila bibi harusi alikuwa nayo.

Halafu pazia. Studio za zamani zilikuwa na pazia la kuchorwa nyuma, na pazia ni kama sahihi. Mtu wa Delta akitaka picha nzuri alifunga safari: Malindi, Lamu, Mombasa. Lamu kulikuwa na Studio ya Bakor kuanzia miaka ya sitini, yule mzee alijulikana kwa kukata na kubandika, alikuwa anafanya mambo ya AI kwa mkasi na gundi, tofauti yake ni kwamba aliyemfanyia alikuwa amekaa mbele yake na amelipa. Mombasa kulikuwa na Parekh, kuanzia miaka ya arobaini, watu wa Pwani wa kila dini wakipanga foleni na nguo zao za maana. Geuza picha. Mhuri wa studio ukiwa nyuma, umepata mji. Ukikosa mhuri, linganisha pazia, vigae vya sakafu, kiti. Picha mbili za familia mbili zenye kiti kimoja zilipigwa chumba kimoja.

Na tarehe, usimwulize nyanya "mwaka gani". Hiyo ni swali la kujaza fomu. Muulize ilikuwa kabla ya mafuriko makubwa ya 1961 au baada. Muulize kama ilikuwa wakati wa vita vya Shifta, alikuwa amebeba mtoto gani mgongoni, nani alikuwa chifu. Mtu wa Tana anahesabu kwa maji. El Niño ya 1997 kila mtu ataikumbuka. Ukimpa mafuriko, atakupa mwaka.

Kuna mtego mwingine wa wale wanaotoa picha kwenye hifadhi za Ulaya. Wamishonari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika Ngao 1887. Wamethodisti Waingereza walikuwa Golbanti kabla yao kidogo. John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo Golbanti Mei 1886, na majina yao utayapata kwa sekunde kumi ukitafuta. Sasa nitajie jina la mtu mmoja wa Golbanti aliyekuwa hai siku hiyo. Ndivyo picha za kizazi hicho zilivyoandikwa pia. Mzungu ana jina kamili na cheo. Aliyesimama kando yake ni "mwanamke wa Kipokomo" au "kijana Galla". Na hilo neno Galla wenyewe hawajiiti, ni jina la kubandikwa, Muorma leo ukimwita hivyo umemtusi. Wewe unalichukua kutoka kwa maelezo ya mwaka 1890, unalitia kwa posti yako na moyo mwekundu pembeni, unajiita mtunza utamaduni. Bana. Umeshabikia karani wa mkoloni.

Wacha niwape mfano wa nyumbani, si kwa sababu ni wa ajabu, ni kwa sababu ndio ninaoujua vizuri. Albamu yetu iliungua 2012. Zilibaki picha tatu tu, kwa vile shangazi alikuwa ameziweka kwenye Kurani yake Malindi. Moja ina wanawake watatu na mtoto, studio, pazia lina minazi iliyochorwa vibaya sana. Katikati ni nyanya, huyo hana mjadala, lile paji la uso tunalo sote. Kushoto ni dadake. Kulia kuna mwanamke mrefu, shingo ndefu, amekaa kwa ukingo wa benchi kama anataka kuondoka. Binamu yangu alitaka kuiweka mtandaoni siku ya akina mama. Akasema: huyu wa kulia tumkate, si wetu, picha itatoshea vizuri.

Nyanya alikuwa bado yuko. Akaletewa simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema jina. Jina kamili, la huyo mama, la babake, la babu yake, na upande waliokuwa wakihamia kiangazi. Alikuwa Muorma. Walikuwa wakibadilishana maziwa na mahindi tangu wasichana, na ile safari ya studio ilikuwa wazo lake, yeye ndiye aliyelipa, alikuwa ameuza mbuzi. Leso walizovaa wote watatu ni doti za aina moja, yeye ndiye aliyezinunua. Tulikuwa tunataka kumkata mwenye picha.

Jina lake sitaliandika hapa. Ni la watoto wake, si la mtandao. Lakini shangazi alilifuata. Ilichukua miezi, kuuliza sokoni Garsen, kuuliza kwa wazee, simu kwa mtu anayemjua mtu, na kwa hali ilivyokuwa baada ya 2012 si kila mlango ulifunguliwa kwa furaha. Mwisho akapatikana mwanawe, mzee mwenyewe sasa. Hakuwahi kuwa na picha ya mamake hata moja. Tukampelekea nakala iliyosafishwa, kubwa, kwenye fremu. Alitazama muda, halafu akauliza swali moja tu, kama kweli mamake alikuwa mrefu hivyo, kwa sababu alipokufa yeye alikuwa mdogo, na kila mtu mkubwa alimwona mrefu. Shangazi akamwambia nyanya amesema alikuwa akiinama kuingia kwa mlango wetu.

Sasa chukua hiyo picha umpe yule jamaa wa AI. Angemtia rangi, akamfanya apepese macho, akaandika "malkia wa Tana". Laiki elfu ishirini. Na mtoto wake Garsen angebaki bila mama.

Nishasikia majibu mengine, wacha niyapitie haraka. Kuna wanaosema picha ya marehemu haifai kuwekwa, wazee wengine hawataki kabisa kupigwa, kwa dini au kwa haya. Kabisa, na hiyo heshimu. Nyanya akisema hataki picha, weka simu chini, chukua kalamu. Jina halihitaji kamera. Na kama marehemu alikuwa mtu wa kujistiri maisha yake yote, usimvue hadharani kwa sababu sasa hawezi kukukataza.

Kuna wanaosema zetu ziliungua, au zilienda na mafuriko, basi yameisha. Yameishaje? Zako ziliungua, za shangazi aliyeolewa Witu hazikuungua. Picha ilitolewa nakala, watu walipeana, ndio ilikuwa zawadi ya zama hizo. Tafuta kwa waliohama kabla ya shida: Mombasa, Malindi, Lamu, Nairobi. Tafuta picha ya harusi ya jirani, maana nyanya yako yuko nyuma pale amebeba sinia. Tafuta kitambulisho cha zamani kwenye bahasha ya stakabadhi. Hicho kipige picha ujiwekee, usikiposti, kina namba.

Na kuna hawa wa kusema shida ni mzungu, warudishe vitu vyetu kwanza. Ngadji, ile ngoma kubwa takatifu ya Wapokomo, iko London kwenye ghala la British Museum tangu 1908, haionyeshwi hata kwa wageni. Irudi. Mimi nasema irudi kesho asubuhi. Nchi nzima inaimba wimbo wa taifa kwa tuni iliyotoka kwa wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo, na ngoma ya hao hao imefungiwa ghalani. Lakini jina la nyanya yako halijafungiwa London, mazee. Hakuna bodi ya makumbusho inayokuzuia kulipata. Nauli ya matatu tu, na mchana mmoja bila simu kuangaliwa kila dakika.

Kwa hivyo hivi ndivyo nitakavyofanya mimi, nanyi mnaweza kufuata au mnitukane, vyote ruhusa. Picha yoyote ya zamani nikiipokea, nauliza tatu: nani huyu, nani amesema, na alijuaje. Jibu likiwa "nimeona tu mtandaoni", haipiti kwangu. Picha za nyumbani tunaandika nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, maana kalamu ya wino hupenya na miaka ikienda inakula uso wa mbele. Tunaandika kuanzia kushoto kwenda kulia, jina la mtu na la baba au mama yake, na jina la aliyetuambia. "Mama Fulani" peke yake haitoshi, kila kijiji kina Mama Fulani saba. Tukikosa uhakika tunaandika labda. Na kabila hatuandiki kwa kutazama pua.

Wenye asili ya Kilelengwani, Ozi, Semikaro, Kau, Ngao, Tarasaa na kote huko, najua mnasoma, wengine mnasoma kimya. Msinitumie picha. Sizitaki kwa inbox yangu na msizitume kwa yeyote mwenye akaunti kubwa. Zipelekeni kwa mtu mzee kuliko nyinyi, upande wowote wa mto, mkae naye, mrekodi akikubali. Ile yetu ya wanawake watatu mtoto bado hatujamjua. Nyanya alisema majina mawili kwa siku mbili tofauti, na sasa nyanya hayupo. Nyuma tumeandika yote mawili, na alama ya kuuliza.